Mita ya Arobaini na Mbili

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, siku sita kabla ya ile niliyoiwekea alama ya penseli kwenye kalenda. Sina kinyongo nayo. Alama ilikuwa yangu, mvua ni ya wote.

Meneja alituita kwenye banda la mifuko, akasema kwa ufupi kama kawaida yake. Machimbo ya zamani yamebakiwa na mawe ya miezi minane. Wenye kiwanda wamempa msimu huu mmoja. Ikiwa kabla ya barabara kukauka tutakuwa tumewaonyesha mahali pengine karibu penye mawe safi ya chokaa, watafungua machimbo mapya. La sivyo tanuri litazimwa, na nyumba za wafanyakazi zitarudishwa kwa mwenye ardhi. Nyumba hizo ni hamsini na tatu. Katika moja ninakaa mimi.

Alipomaliza, watu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Mahali pekee palipo karibu ni mlima wa mashariki, na aliyeufunga mlima huo kwa ramani ni mimi.

Machi 3

Mvua. Nimepanga upya masanduku ya mawe ya safu ya tatu ghalani.

Machi 5

Nieleze mambo kwa mpangilio, kwa faida ya atakayesoma haya bila kuwa na jiwe mkononi.

Nilifika hapa nikiwa na miaka thelathini na tano. Nilihama kwetu pamoja na watu wengi, kwa sababu ambazo magazeti ya siku zile yalizieleza vibaya, nami sina haja ya kuyasahihisha leo. Nilikuwa nimesomea miamba, lakini vyeti vilibaki kwenye kabati ambalo naweza kulichora mpaka bawaba zake. Kwa hiyo nilianza kama mpakia mifuko hapa kiwandani.

Mwaka wangu wa tatu, zahanati iliyopigwa lipu kwa chokaa yetu ilianza kutoa malengelenge ukutani. Lipu ilikuwa imekaa vizuri miezi minane. Ghafla ikaanza kupasuka, na kila lengelenge likaacha kishimo cha ukubwa wa kitufe. Mafundi walilaumu mchanga, kisha maji, kisha wakalaumiana wenyewe. Mimi nikaomba nione jiwe. Nikakuta jiwe jingine limechanganyika na la chokaa, rangi yake hudhurungi kidogo, zito zaidi mkononi. Ilikuwa dolomaiti. Ni ndugu wa chokaa, ila ndani yake mna magnesiamu, na ikichomwa kwa moto mkali wa tanuri letu chembe zake huwa vivu. Zinaweza kungoja ukutani miezi kabla hazijanywa unyevu, zikavimba na kuisukuma lipu nje.

Baada ya hapo nikapewa nyundo, chupa ya tindikali na ghala la sampuli. Nilimfundisha kila mfanyakazi kipimo kimoja: tone la tindikali likiangukia jiwe la chokaa huchemka kama soda, likiangukia dolomaiti hukaa kimya. Kisha nikachora ramani. Ilionyesha dolomaiti imetandazwa chini ya mlima wote wa mashariki, tabaka moja kama mkeka. Tangu siku hiyo hakuna aliyechimba kule. Ni miaka thelathini na minane sasa, na hakuna ukuta mwingine uliotoa malengelenge. Najivunia hilo, na sioni kwa nini nijifiche.

Machi 9, Jumatatu

Mpwa wangu amefika na matope hadi magotini. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Tulimchukua akiwa na miaka sita, na mke wangu humwita binti yangu mbele za watu, hata mbele yangu. Amekuwa mtaalamu wa miamba, na Meneja amemwajiri kwa msimu huu autazame mlima. Hakumwajiri kwa ajili yangu. Nilijitahidi kunyamaza wiki nzima, kazi ngumu kuliko kupakia mifuko.

Aliniamkia, nikaitikia, kisha kabla ya chai akaomba ramani. Aliikunjua mezani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba, imechorwa vizuri sana," akasema. "Nani alikuambia ni mkeka?"

Nikamweleza niliyofundishwa. Zamani palikuwa na mabwawa ya chumvi yenye kina kifupi, jua likayakausha, maji yaliyobaki yakawa mazito kwa magnesiamu, yakanywea kwenye matope ya chokaa chini yake na kuyageuza. Kwa hiyo dolomaiti hukaa kwa tabaka, kama bwawa lilivyokaa.

Akasema dolomaiti ya namna hiyo ipo duniani, lakini hadhani ya hapa ni hiyo. Yeye anafikiri maji yalitoka chini. Kwa maelezo yake, kilomita kadhaa chini ya miguu yetu kulikuwa na maji ya moto yaliyobeba magnesiamu, yakibanwa na uzito wa mwamba. Maji ya namna hiyo hutafuta njia ya kupanda. Mwamba mzima hauyapitishi, lakini mahali ambapo mwamba umekatika na upande mmoja umeteleza, kandokando ya mkato huo mawe huvunjikavunjika, na maji hupanda humo kama kwenye bomba. Yakikutana na chokaa hubadilishana nayo: huchukua sehemu ya kalsiamu, huacha magnesiamu. Jiwe halihami. Hugeuka likiwa palepale lilipo.

Kwa hiyo dolomaiti yake imesimama wima kama ukuta, ikifuata ufa. Na nje ya ukuta huo, chokaa ni safi.

Nikamwambia ni hadithi nzuri, na kwamba ingetufaa sote ikiwa kweli, ndiyo maana inanitia shaka. Akacheka. Ana kicheko cha mama yake, huanza puani.

Machi 15

Mke wangu ameanza kuuliza watu bei za vyumba vya mjini. Hakunishirikisha. Nilipomuuliza akasema mimi nimeshawahi kuhama bila kujiandaa, na yeye hapendi kujifunza mambo kwa namna hiyo.

Kuhama mara moja humfanya mtu awe hodari. Kuhama mara ya pili ukiwa na miaka sabini na sita ni kutafuta mahali pa kuwekwa. Nataka mpwa wangu awe sahihi kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote la miamba. Ndiyo sababu nitampinga kwa kila kifungu. Anayelitamani jibu ndiye wa mwisho kukabidhiwa kipimo.

Machi 16

Mvua. Paa la ghala linavuja juu ya safu ya kwanza. Nimelifunika kwa turubai.

Machi 21, Jumamosi

Tumeshinda ghalani. Zamani tulichoronga mashimo marefu ardhini kwa mashine iliyotoa mwamba mzima, vipande virefu vya duara kama mishumaa, navyo viko masandukuni, kila kimoja na maelezo kwa mwandiko wangu. Mpwa wangu alikuwa akivitazama kwa lenzi, kimoja baada ya kingine, kimya kimya, mpaka akaniita.

Ndani ya kipande cha dolomaiti mlikuwa na nyufa ndogo zilizojaa fuwele nyeupe. Fuwele kwa kawaida zina nyuso bapa. Hizi nyuso zake zimepinda, katikati chini, pembeni juu, kama tandiko la punda. Akasema zinazopinda hivi hukua kwenye maji ya moto, na bwawa langu la chumvi halikuwahi kuwa na joto hilo.

Nilichukua lenzi. Zimepinda kweli. Kisha nikasoma karatasi iliyobandikwa sandukuni, mwandiko wa kijana mwenye haraka: "Madoa meupe. Si muhimu."

Hakusema kitu. Hilo nalo nimeliandika kwa sifa yake. Mimi ningesema.

Nilimwambia kwamba maji ya moto yanaweza kuwa yalikuja baadaye, yakajaza nyufa tu, baada ya mkeka kuwepo. Akakubali kwamba inawezekana. Tumekubaliana kuwa jibu liko chini, si masandukuni.

Machi 29

Mashine imezama kwenye matope nusu ya njia ya mlimani. Kesho tena.

Aprili 6, Jumatatu

Nina mengi ya kuandika leo.

Siku tano za ukavu zimetosha kuchoronga mashimo manne kwa mstari mmoja, la kwanza magharibi, la nne mashariki, kila moja mita thelathini. Mchorongaji wetu anaitwa na kila mtu Fundi Keekee, kwa jina la chombo chake cha kutobolea. Nimefanya naye kazi miaka thelathini, ananiita Mwalimu, na sijawahi kumwona akinyamaza wakati mashine inanguruma, ingawa hakuna anayemsikia. Mashine ya siku hizi haitoi mishumaa. Husukuma hewa kwa nguvu, na mwamba hutoka juu ukiwa vumbi na vipande vidogo, unaingizwa kwenye mifuko, mfuko mmoja kila mita.

Saa tisa Fundi alikuja ofisini mbio, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Alikuwa amepima mifuko yote mia na ishirini kwa tindikali. Yote imechemka. Mashimo yote manne, juu hadi chini, chokaa.

"Mwalimu," akasema, "mawe yako yamekukana."

Mpwa wangu alinitazama kwanza mimi, ndipo akafurahi. Meneja alipigiwa simu, naye akawaambia watu wa zamu. Dakika kumi baadaye habari ilikuwa bombani ambako wanawake wanateka maji, na mchochea tanuri, jirani yangu, akanipigia saluti akipita dirishani. Mimi pia nilifurahi. Nilikaa kitini nikiona nyumba hamsini na tatu zimesimama.

Kisha nikaanza kufikiria lile vumbi.

Mlango wa ofisi yetu unazuiwa na jiwe la dolomaiti, nililiokota mwenyewe mwaka wa zahanati. Watu walipoondoka nililiinua, nikadondoshea tindikali. Kimya. Nikakwangua kona yake kwa tupa mpaka nikapata unga wa kijiko kimoja, nikaudondoshea tone.

Ukachemka.

Kumbe nilikuwa nalijua. Kitabu chochote cha mwaka wa kwanza kinasema: dolomaiti nzima hukaa kimya, iliyosagwa huchemka, kwa sababu unga una nyuso nyingi za kushambuliwa. Nilipowafundisha vijana kipimo tulikuwa tukivunja mawe kwa nyundo, unga haukuwepo, basi nikafupisha somo. Nikawaambia "likichemka ni chokaa", nikaacha "likiwa zima". Fundi amefanya kama nilivyomfundisha, bila kukosea hata hatua moja. Mifuko mia na ishirini, na haijatuambia chochote.

Aprili 7

Nilimngoja mpwa wangu barazani kabla hajapiga mswaki. Nilimwonyesha jiwe na unga. Hakuhitaji maelezo. Akakaa kwenye ngazi.

"Unajua watasemaje, Mjomba?"

"Watasema mzee anailinda ramani yake."

"Na unailinda?"

Nikamjibu kweli, kwamba sijui.

"Basi twende tukaoshe vipande," akasema. "Tutajua wote."

Yeye ndiye aliyekwenda kwa Meneja kuirudisha habari njema, ingawa nilitaka kwenda mwenyewe. Alisema sahihi kwenye ripoti itakuwa yake, kwa hiyo aibu ya leo ni yake pia, asitolewe kwenye urithi. Mimi nilikwenda kwa Fundi. Nilimwambia kosa ni langu, la miaka thelathini. Aliweka spana chini. Kisha akasema ikiwa mwalimu amefeli, basi yeye amefaulu mtihani usiokuwepo, apewe cheti.

Jirani yangu mchochea tanuri hakunisalimia jioni.

Aprili 8

Tunaosha. Mfuko unamwagwa kwenye chekeche, maji yanapitishwa, vumbi linaondoka, vinabaki vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vipande hivyo ni mwamba mzima, na vinajibu swali.

Aprili 10

Tunaosha. Mikono yangu imekuwa kama ya mtu aliyezama. Mke wangu ameleta chai, akakaa nasi, akaanza kuosha bila kuombwa. Ametuambia kwamba huko bombani wanasema mimi nilikuja bila kwangu na sasa nataka wote wafanane nami. Alilisema kwa sauti ya kusoma bei ya vitunguu. Kisha akaongeza kwamba aliyelisema amejibiwa, na hatalirudia.

Aprili 13, Jumatatu

Matokeo. Shimo la kwanza na la pili: vipande vimekaa kimya. Dolomaiti, juu hadi chini. Shimo la tatu na la nne: vimechemka vikali. Chokaa safi, juu hadi chini.

Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na haki ya kutabasamu, na tulitabasamu kwa adabu. Mpwa wangu anasema ufa unapita kati ya shimo la pili na la tatu. Mimi nasema hapana lazima: mkeka wangu umeinama kuelekea mashariki, kwa hiyo kwenye shimo la tatu uko chini zaidi ya mita thelathini, hatujaufikia tu. Ikiwa ndivyo, machimbo mapya yatakula chokaa mwaka mmoja na kisha yataingia kwenye dolomaiti, na kiwanda kitafungwa baada ya watu kujenga matumaini, jambo baya kuliko kufungwa sasa.

Akaniuliza nitabiri kina. Nilichukua rula na pembe ya mwinamo, nikapiga hesabu mbele yake mara mbili. Mita arobaini na mbili, shimo la tatu.

"Andika," akasema.

Nimeandika, na tarehe, na nimetia sahihi. Mvua ikikata, Fundi atalirefusha shimo la tatu hadi mita sitini.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Mvua.

Aprili 19

Mvua. Meneja amepita kuuliza kama kuna lolote. Nikamwonyesha mawingu.

Aprili 24, Ijumaa

Ubavu wa mlima umeporomoka, kati ya shimo la pili na la tatu. Hakuna aliyeumia, hakuna kinachoishi kule ila mijusi. Adhuhuri mvua ilipotulia tulipanda, mpwa wangu mbele akichimba vidato kwa sururu ili mguu wangu upate pa kukaa. Udongo umeondoka ukaacha uso wa mwamba ulio wazi, mrefu kama nyumba mbili zikipandana.

Nimeona miamba mingi, lakini huu nilisimama mbele yake kama mtu aliyefunguliwa barua yake na mwingine. Matabaka yanatoka upande wa mashariki, ya kijivu, ya chokaa, yamelala sawasawa. Yanafika kwenye ufa. Ng'ambo ya ufa matabaka yaleyale yanaendelea, hatua moja chini zaidi, mstari kwa mstari, hata ule ukanda mwembamba wenye magamba ya konokono. Ila huko rangi ni hudhurungi. Tabaka ni lilelile, upande huu chokaa, upande ule dolomaiti. Mkeka haukatiki hivyo. Mkeka haufiki mahali ukasimama wima.

Katikati ya ufa mna udongo wa mfinyanzi mweusi, upana wa shubiri moja, umesagwa na miamba miwili ilipotelezeana. Mpwa wangu aliushika, akaufinya, akaniambia nitazame maji. Maji ya mvua ya wiki nzima yalikuwa yakitoka mwambani kwa michirizi kumi na zaidi, yote upande wa magharibi, kwenye mawe yaliyovunjikavunjika. Upande wa mashariki ulikuwa mkavu, unaweza kuuwashia kiberiti. Mfinyanzi hauyapitishi. Kama ni hivyo kwa mvua ya juzi, ndivyo ilivyokuwa kwa maji ya moto ya zamani: yalipanda kando ya ufa, yakageuza upande mmoja, yakagonga ukuta na kushindwa kuvuka.

Fundi Keekee, aliyetufuata akihema, aliposikia maelezo alisema wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu una akili kuliko sisi, umejiziba mwenyewe na ukawa ukuta bila fundi.

Tulicheka. Niliporudi nilihisi jambo nisilolitegemea. Nilidhani nitaona uchungu, na ulikuwepo, lakini juu yake ilikuwapo furaha ya kuona kitu kilivyo. Niliwahi kuihisi mara moja, nikiwa mwanafunzi, kwenye korongo la kwetu ambapo mto huingia chini ya mawe na kutoka kilomita nne mbele ukiwa na rangi nyingine. Sikujua kwamba bado ninayo.

Hata hivyo sijabadilisha tarakimu. Uso mmoja wa mwamba ni uso mmoja. Chini ya shimo la tatu kunaweza kuwa na mkeka pamoja na ufa. Arobaini na mbili iko palepale.

Mei 3

Jua nusu siku. Barabara bado.

Mei 12, Jumanne

Fundi aliwasha mashine saa mbili asubuhi. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, chekeche mapajani, tindikali mkononi. Niliwaomba waniachie mimi kuosha, na mpwa wangu akakubali kwa sharti kwamba asimame nyuma yangu, si kwa kunishuku bali kwa sababu hawezi kukaa.

Watu walianza kupanda. Zamu ya asubuhi ilipoisha walikuja wote, na mke wangu na wanawake wenzake, na mchochea tanuri. Hakuna aliyewaita. Walijua tarakimu. Fundi aliwaambia, bila shaka.

Mita thelathini na tano, chokaa. Thelathini na nane, chokaa. Arobaini. Nilikuwa nikiosha polepole kwa sababu vidole havikutaka haraka. Arobaini na moja, chokaa.

Arobaini na mbili ilitoka na vumbi la rangi nyingine. Wote waliliona, la hudhurungi. Nikamwaga maji kwenye chekeche mara tatu, nikachagua kipande kikubwa kuliko vyote, nikakikausha kwa shati langu, nikadondosha.

Kilichemka mpaka kikaruka kwenye kiganja. Rangi ilikuwa ya kutu ya maji ya mvua yaliyoshuka kwenye kijishimo ndani ya mwamba, hakuna zaidi.

"Chokaa," nikasema. Na kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma, nikasema tena kwa sauti.

Hawakushangilia. Walingoja, na nikawaheshimu kwa hilo. Mita arobaini na tano, hamsini, hamsini na tano. Saa nane kasorobo, mita sitini: chokaa, nyeupe, safi, inayochemka kwa hasira. Fundi alizima mashine. Mpwa wangu aliweka mkono begani kwangu na kuuacha hapo. Nilikuwa nimekosea mbele ya watu sitini, na nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mlimani.

Mchochea tanuri alinishika mkono kunisaidia kuteremka. Njia nzima alilalamika kuhusu magoti yake.

Mei 13

Nimelala mpaka saa tatu asubuhi. Haijawahi kutokea.

Mei 20, Jumatano

Mkutano na wenye kiwanda, watatu, wamevaa viatu visivyofaa. Mpwa wangu alizungumza dakika ishirini bila karatasi. Alieleza ufa, maji ya moto, mfinyanzi, na akachora kwa chaki mpaka wa machimbo: mashariki ya ufa tu, na mita kumi na tano za kuachwa kwa usalama. Alipoulizwa maswali alisema mara mbili kwamba hajui, na sijamsikia mtaalamu mwenye nguvu kuliko huyo. Miaka yote nimekuwa nikimtazama nione nimemfundisha nini. Leo nilimsikiliza ili nijifunze.

Mmoja wa wageni alikuwa ameipata ramani yangu. Aliiweka mezani kando ya ramani mpya ya mpwa wangu, akasema kiwanda kimeiamini hii miaka thelathini na minane, sasa aamini ipi?

Meneja alinigeukia. Nilisimama.

"Yake," nikasema. "Yangu iko sahihi kuhusu jiwe lililopo. Imekosea kuhusu lilivyofika hapo. Na asiyejua jiwe lilifikaje, hawezi kujua linaishia wapi."

Akauliza kama ningekubali kuyaandika hayo. Nikaomba kalamu. Niliandika pembeni mwa ramani, kwa mwandiko usio na haraka, kwamba tabaka la dolomaiti lililochorwa hapa halipo, kwamba dolomaiti ya mlima huu imefuata ufa na iko magharibi yake tu, na kwamba mchoraji amethibitisha kosa kwa mkono wake. Nikatia sahihi na tarehe.

Mzee mmoja wa zamu ya usiku aliuliza, bila ubaya, ina maana miaka yote hiyo tulikuwa tunaikwepa chokaa safi? Nikasema ndiyo. Fundi Keekee akamjibu kwamba angeikuta imekwisha, na leo wangekuwa wanafunga mizigo, kwa hiyo amshukuru Mwalimu kwa kukosea kwa wakati. Watu walicheka. Sikujitetea kwa hoja hiyo na sitajitetea, lakini nimeiandika kwa sababu ni ya rafiki.

Wageni walitoka nje, wakarudi baada ya robo saa. Machimbo yatafunguliwa. Nyumba zinabaki.

Mke wangu alipoambiwa alisema vizuri, maana vyumba vya mjini alivyoviona havina hata kivuli. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa huko kwa muda.

Juni 1, Jumatatu

Siku ya tisa bila mvua. Mpwa wangu amepata kazi nyingine mbali na anaondoka Alhamisi. Ameniachia mlima. Meneja amenipa kazi ya kuweka mpaka, kwa sababu tingatinga halijui kusoma ramani, ya zamani wala mpya.

Nilipanda na ndoo ya rangi nyekundu na brashi. Nilianzia pale palipoporomoka, ambapo mfinyanzi mweusi unaonekana, nikaufuata ufa kwa nyundo na tindikali mahali ulipofichwa na udongo: jiwe, tone, kimya, hatua mbili mashariki, jiwe, tone, likachemka. Katikati ya kimya na mchemko niliweka alama. Kisha mita kumi na tano mashariki nikapiga mstari. Nilifanya hivyo kwa urefu wa mita mia tatu, nikipumzika mara nne. Ilikuwa kazi safi, na niliifanya vizuri.

Saa tano tingatinga likafika juu. Dereva alisimamisha mashine kwenye mstari, akateremka, akautazama, akautazama mlima ulivyo sawa pande zote mbili, majani yaleyale, udongo uleule. Akaniuliza kwa heshima kama nina hakika unapita hapo.

Nikamwambia hakika yangu ya kwanza ilidumu miaka thelathini na minane, na hii anaweza kuitumia kuanzia sasa.

Akacheka, akapanda, akaanza kukata upande wa mashariki.